Mtoto wa miaka 12 mahakama ya watu wazima: Marekani ni nani anayeamua?

Mwezi Julai 1999, katika kaunti ya Broward jimboni Florida, mvulana wa miaka 12 alimuua msichana wa miaka 6 aliyekuwa ameachwa nyumbani kwao aangaliwe. Mvulana alisema walikuwa wakicheza mieleka kama ile ya kwenye televisheni. Madaktari walioufanyia mwili uchunguzi walikuta majeraha makubwa mno kwa mchezo. Kabla kesi haijaanza, upande wa mashtaka ulimtaka akiri mauaji ya daraja la pili, akae miaka 3 katika kituo cha watoto, kisha mwaka mmoja wa kifungo cha nyumbani na miaka 10 ya uangalizi. Mama yake akakataa. Januari 2001 jopo la raia lilimtia hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza, na mwezi Machi, akiwa ametimiza miaka 14, akahukumiwa kifungo cha maisha bila parole, yaani bila nafasi ya kuachiwa mapema.

Miaka 3 au maisha yote, kwa tendo lile lile, ushahidi ule ule na mtoto yule yule. Hata mwendesha mashtaka aliyeisimamia kesi alisema baadaye kwamba yuko tayari kumwomba gavana apunguze adhabu.

Watu wakibishana kuhusu kesi kama hii huulizana kama aliyeua ni mtoto au ni mtu mzima. Ni ubishi wa barazani, hauishi. Mahakamani hatima ya mtoto huamuliwa na jambo kavu zaidi, ambalo mara nyingi limeshakwisha kabla shahidi wa kwanza hajala kiapo: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuchagua mahakama, na wakati anachagua alikuwa anajua nini. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina jibu lake.

Mahakama ya watoto inatoa nini, inachukua nini

Mahakama ya kwanza ya watoto duniani kwa maana tunayoijua leo ilifunguliwa Chicago, kaunti ya Cook, mwaka 1899. Wazo lake lilikuwa kwamba dola isimame kama mlezi. Kwa hiyo kesi haikuwa ya adhabu bali ya kumtafutia mtoto njia. Vikao vilikuwa vya faragha, kumbukumbu zikafungwa, na hata msamiati ukabadilishwa, mtoto asiitwe mhalifu.

Ulezi huo ulikuwa na bei. Kwa kuwa hakuna "kesi", hapakuwa na haki za mshtakiwa pia. Mwaka 1964 huko Arizona, Gerald Gault, mvulana wa miaka 15, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya maneno machafu. Jaji alimpeleka shule ya maadilisho hadi atakapofikisha miaka 21, yaani mpaka miaka 6. Mtu mzima kwa kosa hilo hilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au angefungwa isiyozidi miezi 2. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema basi: mtoto naye ana haki ya kuelezwa mashtaka, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kukaa kimya. Haki ya kuhukumiwa na jopo la raia hakupewa, na Katiba haimpi mpaka leo.

Lipo jambo la pili ambalo wasomaji wengi hulipita haraka, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mamlaka ya mahakama ya watoto yana ukomo wa umri. Katika majimbo mengi kijana akifikisha miaka 21, mahakama hiyo haimgusi tena, awe amerekebika au la. Kijana wa miaka 16 na nusu aliyeua, kesi yake ikamalizika akiwa na 18, amebakiza miaka 3 tu. Sasa mwambie mama wa marehemu hesabu hiyo.

Milango, na anayeshika ufunguo

Mlango wa zamani wa kumpeleka mtoto mahakama ya watu wazima ni wa jaji. Kesi huanzia mahakama ya watoto, mwendesha mashtaka anaomba ihamishwe, jaji anasikiliza pande zote, anaamua na kuandika sababu. Sababu za maandishi hazikuwa lazima hadi 1966. Mwaka 1961 katika jiji la Washington, kijana wa miaka 16 aitwaye Morris Kent alihamishiwa mahakama ya watu wazima na jaji ambaye hakumpa wakili wake nafasi ya kusema, hakujibu maombi yake, wala hakuandika hata mstari mmoja kueleza kwa nini. Katika kesi hiyo ya Kent Mahakama ya Juu iliamua kwamba uhamisho ni hatua nzito: lazima pawe na usikilizaji, wakili ayaone mafaili ya ustawi wa jamii, na jaji aandike sababu zake.

Mlango wa pili ufunguo wake uko kwa mwendesha mashtaka. Yeye ndiye anayeamua aifungue kesi wapi, bila kusikilizwa mtu, bila kuandika sababu, na bila jaji wa kumpinga. Florida inajulikana kwa mlango huu: kwa makosa yaliyoorodheshwa unaanzia miaka 14, na kwa wenye miaka 16 na 17 ni mpana zaidi. California nayo ilikuwa nao tangu kura ya wananchi ya mwaka 2000. Wapiga kura wakaufunga mwaka 2016 kwa Pendekezo la 57, na mwaka 2018 bunge la jimbo likaenda mbali zaidi: mwenye miaka 14 au 15 asipelekwe kabisa, hata kwa mauaji, isipokuwa kama amekuja kukamatwa akiwa ameshavuka umri wa mahakama ya watoto. Waendesha mashtaka waliipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 2021 wakashindwa.

Mlango wa tatu hauna mshika ufunguo, kwa sababu sheria yenyewe imeshauacha wazi. Georgia tangu 1994 inawapeleka moja kwa moja wenye miaka 13 na kuendelea kwa makosa yaliyotajwa, yakiwemo mauaji na ubakaji. Ndiyo maana Septemba 2024, baada ya watu 4 kuuawa kwa risasi katika shule ya sekondari ya Apalachee, mtuhumiwa wa miaka 14 alitangazwa mara moja kuwa atashtakiwa kama mtu mzima. Wisconsin inaanzia miaka 10 kwa mauaji ya kukusudia au kujaribu kuua, na kwa njia hiyo wasichana wawili wa miaka 12 walijikuta mahakama ya watu wazima mwaka 2014 kwa kumchoma visu mwenzao, aliyenusurika. Pennsylvania haina umri wa chini kabisa: neno "mauaji" likiandikwa kwenye hati ya mashtaka, mtoto wa umri wowote anatoka mikononi mwa mahakama ya watoto. Mvulana wa Broward naye alipitia mlango wa aina hii. Kwa sheria ya Florida, jopo kubwa la raia, ambalo hukaa faraghani na kusikiliza upande wa mashtaka peke yake, likipitisha shtaka ambalo adhabu yake ni kifo au maisha, umri wa mtoto hauhesabiwi.

Upo mlango mwingine ambao watu hawauiti mlango: umri wa kawaida wa utu uzima mbele ya sheria ya jinai. Texas, Georgia na Wisconsin, mwenye miaka 17 ni mtu mzima kwa kosa lolote, hata la kuiba shati dukani. Louisiana ilikuwa imepandisha umri huo hadi 18, ikaurudisha 17 mwaka 2024. New York uliwahi kuwa 16. Wavulana watano wa kesi ya ubakaji katika bustani ya Central Park, New York, ya 1989 wanaonyesha maana yake: wanne walikuwa na miaka 14 na 15, wakapelekwa vituo vya vijana, wa tano alikuwa na 16, akapelekwa gereza la Rikers na magereza ya wakubwa. Wote watano hawakutenda kosa lile, na mwaka 2002 hukumu zao zilifutwa. Umri uliamua mahali pa kulala, hata kwa mtu asiye na hatia.

Baadhi ya majimbo yana mlango wa kurudi: mtoto aliyekwisha kupelekwa anaweza kuomba arudishwe mahakama ya watoto. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha unamhamia yeye.

Usikilizaji wa uhamisho ukoje

Hukumu ya Kent iliambatanishwa na orodha ya mambo 8 ya kupima, na majimbo mengi yameiiga kwa namna yake. Jaji anaangalia uzito wa kosa. Kama lilipangwa na lilikuwa la kikatili. Kama lilimdhuru mtu au mali. Kama ushahidi una nguvu ya kufungua shtaka. Kama wapo watu wazima walioshtakiwa pamoja naye. Upevu wa mtoto, na hapo huingia nyumba anayotoka na namna anavyoishi. Rekodi yake ya nyuma. Na mwisho, kama anaweza kurekebika kwa huduma zilizopo huku jamii ikiwa salama.

Kwenye karatasi orodha hii ni nzuri. Chumbani inaharibika kwa njia chache zinazojirudia.

Kwanza, uzito wa kosa humeza mengine saba. Picha za eneo la tukio zikishaonyeshwa, ripoti ya mwalimu kwamba mtoto anasoma kwa kiwango cha darasa la tatu haina nguvu tena.

Pili ni suala la kukiri. Mtoto wa miaka 11 wa Pennsylvania alishtakiwa mwaka 2009 kwa mauaji ya mwanamke mjamzito. Kwa kuwa sheria ilimpeleka moja kwa moja mahakama ya watu wazima, alilazimika kuomba arudishwe na kuthibitisha kwamba anaweza kurekebika. Mwaka 2010 jaji alimkatalia, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mtoto hajakiri kosa. Asiyekiri, ilidaiwa, hawezi kurekebishwa. Lakini mtoto alikuwa anasema hakuua. Akikiri anajifunga kwenye kesi ya msingi, asipokiri anahesabiwa sugu. Mahakama ya rufaa iliuvunja uamuzi huo mwaka 2011 kwa kuwa ulimnyang'anya haki ya kutojishuhudia mwenyewe, kesi ikarudi mahakama ya watoto, na mwaka 2012 akaonekana na hatia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta kwa sauti moja: ushahidi haukutosha. Kama angekubali "kukiri ili arekebishwe", rufaa hiyo isingekuwepo.

Tatu, mwanasaikolojia. Anakaa na mtoto saa kadhaa, anampima akili, anamuuliza kuhusu nyumbani na kuhusu siku ya tukio. Ripoti nzuri huokoa mtoto. Ila pasipo ulinzi wa kisheria, aliyoyasema humo yanaweza kurudi kwenye kesi ya msingi, kwa hiyo wakili mzoefu huhakikisha kwanza kuna amri ya kuyazuia kabla mteja wake hajaingia kwenye chumba hicho.

Nne, na hili linachekesha kama si kuliza: nafasi. Jaji anauliza, "Nisipomhamisha, nitampeleka wapi?" Kama jimbo halina kituo salama chenye matibabu ya akili na shule kwa kijana aliyeua, jibu linakuwa gereza. Mtoto anahamishwa kwa upungufu wa bajeti ya serikali, halafu inaandikwa kwamba yeye ndiye hawezi kurekebika.

Je, anaelewa anachoulizwa?

Mshtakiwa yeyote lazima aweze kuelewa kesi na kumsaidia wakili wake. Sharti hilo lilitungwa likiwafikiria watu wazima wenye maradhi ya akili. Utafiti mkubwa uliotoka 2003, ulioongozwa na mwanasaikolojia Thomas Grisso, uliwapima vijana kwa kipimo hicho hicho. Karibu theluthi moja ya wenye miaka 11 hadi 13, na moja ya tano ya wenye miaka 14 na 15, walikuwa na uelewa wa chini sawa na wa watu wazima wagonjwa wa akili ambao mahakama ingeweza kuwaona hawafai kushtakiwa. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wadogo tu.

Kosa lao la kawaida ni kupima kwa leo. Mwambie mtoto wa miaka 13 kwamba akisaini karatasi ya maelezo polisi ataenda nyumbani, atasaini. Mweleze ofa ya miaka 3 dhidi ya hatari ya kifungo cha maisha: miaka 3 kwake ni karibu robo ya umri wote aliowahi kuishi, na neno "maisha" halina picha kichwani mwake. Ndilo lililoigeuza kesi ya Broward. Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya Florida ilifuta hukumu kwa kuwa hakuna aliyempima mvulana kama anaielewa kesi, wala kama aliielewa ofa aliyoikataa. Januari 2004 akatoka kwa masharti karibu yale yale ambayo mama yake aliyakataa mwanzoni.

Upande wa ubongo umeandikwa sana, na wakati mwingine umetiwa chumvi. Kinachokubalika ni hiki: sehemu zinazochochea msisimko na kutafuta sifa kwa wenzao huwaka mapema katika ujana, na zile za kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Hilo linaeleza kwa nini vijana huharibu mambo wakiwa kundi na wakiwa na hasira. Haliwezi kumwambia jaji kama huyu aliye mbele yake ataua tena.

Sheria kali zilitoka wapi

Machi 1978 kijana wa miaka 15 aliwaua abiria wawili kwenye treni za chini ya ardhi za New York. Adhabu ya juu ambayo mahakama ya watoto iliweza kumpa ilikuwa miaka 5. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Gavana Hugh Carey, aliyekuwa akishambuliwa kwamba ni mlegevu kwa wahalifu, akasaini sheria ya kuwapeleka mahakama ya watu wazima wenye miaka 13 kwa mauaji, na wenye miaka 14 na 15 kwa orodha ya makosa mengine ya kikatili.

Majimbo mengine yalifuata miaka ya 1990. Ukatili wa vijana wenye bunduki ulikuwa umepanda kweli, na mwaka 1995 mtaalamu wa siasa John DiIulio alitangaza kwamba linakuja wimbi la vijana wanyama wasio na utu. Mabunge ya majimbo zaidi ya 40 yalilegeza milango. Wimbi halikuja. Kilele kilikuwa 1994, na takwimu zilianza kushuka wakati sheria nyingi bado hazijakauka wino. DiIulio mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea, na mwaka 2012 jina lake lilikuwa miongoni mwa wataalamu walioiandikia Mahakama ya Juu wakiunga mkono upande wa vijana.

Je, inasaidia?

Mtafiti Jeffrey Fagan aliwalinganisha vijana wa miaka 15 na 16 wa maeneo jirani ya New York na New Jersey walioshtakiwa kwa unyang'anyi na uvunjaji. New York waliingia mahakama ya watu wazima, New Jersey walibaki mahakama ya watoto. Mji ni kama mmoja, umaskini mmoja, umetenganishwa na mto. Kwa unyang'anyi, waliopita mahakama ya watu wazima walikamatwa tena zaidi na mapema zaidi. Mwaka 2007 jopo la wataalamu lililofanya kazi na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, lilipitia tafiti za namna hiyo na kukuta kwamba waliohamishwa walikamatwa tena, kwa ukatili au makosa mengine, kwa kiasi cha asilimia 34 zaidi ya waliobaki. Kuhusu kuwatisha vijana wengine wasijaribu, ushahidi haukutosha kusema lolote.

Sababu hazihitaji darubini. Kijana anapoteza shule, anajifunzia ukubwa kwa wafungwa, na anatoka na rekodi ya wazi inayomfungia ajira na nyumba ya kupanga. Wakati akisubiri kesi ni hatari zaidi. Sheria ya shirikisho iliyofanyiwa marekebisho 2018 inataka walio chini ya miaka 18 waondolewe katika jela za wakubwa hata kama wameshtakiwa kama watu wazima, na wasionane wala kusikiana na wakubwa, isipokuwa jaji aone haki inadai vinginevyo. Kabla ya hapo jela ndogo zilikuwa na ufumbuzi wa haraka wa kumtenga mtoto: chumba cha peke yake, saa 23 kwa siku. Kalief Browder aliingia Rikers mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akituhumiwa kuiba begi. Alikaa miaka 3 bila kesi kusikilizwa, karibu 2 kati yake akiwa kwenye chumba cha upweke. Mashtaka yakafutwa. Mwaka 2015 akajiua. Sheria ya New York ya 2017 iliyopandisha umri hadi 18 ilisukumwa kwa sehemu kubwa na kisa chake.

Wanaotetea milango hii nao wana hoja, na haifai kuwabeza. Familia ya marehemu haihitaji takwimu za kurudia makosa. Inahitaji tendo liitwe kwa jina lake hadharani. Wapo vijana wachache, wachache sana, ambao miaka 3 au 4 haitoshi kwa lolote. Na mvulana wa Broward? Mwaka 2005 alimpora kwa bastola mleta piza, na mwaka 2006 akafungwa miaka 30 kwa kuvunja masharti ya uangalizi.

Michigan ilijaribu njia ya katikati. Nathaniel Abraham alikuwa na miaka 11 alipoua kwa bunduki mwaka 1997 na akatiwa hatiani 1999 kwa sheria mpya isiyo na umri wa chini. Lakini sheria hiyo ilimpa Jaji Eugene Moore njia tatu: kituo cha watoto hadi 21, gereza la watu wazima, au mchanganyiko, yaani kituo sasa na adhabu ya kikubwa ikining'inia hadi ionekane kama amebadilika. Moore alichagua ya kwanza, akailaani sheria na kulitaka jimbo limrekebishe mtoto badala ya kumtupa. Abraham alitoka 2007, na mwaka uliofuata akakamatwa na dawa za kulevya. Mchanganyiko ungemwacha jaji amtazame tena akiwa na miaka 21. Kwa maoni yetu huko ndiko kwenye ufumbuzi: ongeza umri wa ukomo wa mahakama ya watoto, kama California inavyofika hadi 25 kwa makosa mazito zaidi, na ombi la kuhamisha linapoteza sababu yake kuu. Ufunguo ubaki kwa jaji, baada ya kusikiliza. Mwendesha mashtaka katika majimbo mengi anachaguliwa kwa kura, na hapaswi kuamua peke yake wiki ya kwanza ya hasira za mtaa.

Katika karne hii Mahakama ya Juu ya Marekani haijagusa milango hiyo. Imepunguza adhabu tu: 2005 ilifuta adhabu ya kifo kwa aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18, 2010 ikafuta maisha bila parole kwa makosa yasiyo ya mauaji, 2012, katika kesi ya Miller, ikakataza adhabu hiyo isiwe ya lazima hata kwa mauaji, 2016 ikasema uamuzi huo uwafikie na waliofungwa zamani. Kisha 2021 ikalegeza: jaji hahitaji kutamka kwamba kijana hawezi kurekebika, inatosha awe na hiari ya kuchagua. Mwaka huo huo Henry Montgomery, aliyeipa jina kesi ya 2016, alitoka gerezani akiwa na miaka 75, alikoingia na miaka 17. Na Miller aliyeshinda 2012 akahukumiwa upya: maisha bila parole.

Na huku kwetu

Afrika Mashariki hatuna usikilizaji wa uhamisho wa namna hiyo, na wengi hudhani kwa hiyo hatuna tatizo. Milango ipo, ila ni mingine. Kosa la mauaji Tanzania husikilizwa na Mahakama Kuu, awe mtoto au mzima. Kenya, Sheria ya Watoto ya 2001, iliyotumika hadi 2022, iliiondolea mahakama ya watoto kesi za mauaji na kesi ambazo mtoto ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Huo wa pili ndio mlango uliokuwa ukipitiwa kimyakimya: kijana wa miaka 14 aliyetumwa na kaka zake kusimama nje ya duka wakivunja aliandikwa kwenye hati moja nao, na wakili asipoomba mashtaka yatenganishwe, alisimama nao kizimbani.

Kwenye adhabu sheria zetu ni laini kuliko za Marekani. Aliyetenda akiwa chini ya miaka 18 hanyongwi, na Uganda mtoto kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo hazuiliwi zaidi ya miaka 3. Kenya ilikuwa na kifungu cha kumweka kizuizini hadi Rais apende, bila tarehe, na Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha Katiba mwaka 2017. Mwaka 2022 nchi hiyo ikapandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Ulinzi wote huo unasimama juu ya tarakimu moja, ile inayojazwa kwenye nafasi ya umri kaunta ya polisi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyerefuka mapema au anayeogopa, huandikwa 18, na hapo anakosa mahakama yake, afisa ustawi wa jamii wake na mahabusu yake. Kuirekebisha baadaye kunawezekana, lakini wiki hupita. Mzazi anayefika kituoni aende siku hiyo hiyo na chochote chenye tarehe: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mwalimu mkuu yenye namba ya usajili. Vikikosekana vyote, daktari atakadiria kwa meno na picha ya mifupa ya kiganja, na makadirio hayo yanaweza kukosea mwaka mmoja hadi miwili, huku au huku. Wakili aombe shaka hiyo ihesabiwe upande wa mtoto. Na umri unaotakiwa ni wa siku ya tukio. Upelelezi ukichukua miaka 3, mtu atakayesimama kizimbani ana ndevu, na hakuna mle ndani atakayekumbuka kuuliza.